Burashi, Ufito na Bomba: Uchaguzi wa Vifaa vya Kusafishia Dohani za Majiko ya Amagoro

Dohani, ambayo katika karakana za Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huitwa chimni au bomba la moshi, ni njia ya wima inayouchukua moshi kutoka kwenye chumba cha moto cha jiko na kuupeleka juu ya paa, nayo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja ingawa watu wengi huiona moja tu. Kazi ya kwanza ni kuutoa moshi jikoni. Ya pili, ambayo ndiyo inayoamua kama kuni zitawaka au zitafuka, ni kuivuta hewa mpya iingie motoni, kwa kuwa hewa ya moto iliyomo ndani ya dohani ni nyepesi kuliko hewa ya nje, na inapopanda huacha nafasi ambayo hewa baridi hukimbilia kuijaza kupitia mlango wa kuni. Mvuto huo wa hewa ndio unaodhoofika pale masizi yanapoijaza dohani, na mpishi wa shule ya bweni ya Amagoro, katika Teso Kaskazini, anayelalamika kwamba jiko lake limekataa kuvuta huwa ameutaja ugonjwa wenyewe kwa usahihi kabisa.

Ukubwa wa ugonjwa huo unapimika kwa hesabu ndogo. Bomba la duara lenye kipenyo cha milimita 150, likishikwa na masizi ya unene wa milimita 12 pande zote, hubaki na kipenyo cha milimita 126, na kwa kuwa nafasi ya kupitisha moshi hupungua kwa kadiri ya mraba wa kipenyo, bomba hilo huwa limepoteza karibu asilimia 30 ya nafasi yake. Bomba la milimita 80 likipatwa na masizi ya unene uleule hupoteza zaidi ya nusu. Ndiyo maana watunzaji wa dohani katika nchi zenye baridi huhesabu masizi ya unene wa milimita 3 kuwa ishara tosha ya kusafisha, na yakifika milimita 6 huzuia moto usiwashwe kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Kipimo cha milimita 80 kinatokana na jiko la peleti, ambalo inafaa lielezwe kwanza, kwa sababu ushauri mwingi wa vifaa vya kusafishia unaopatikana leo umetungwa kwa ajili yake. Peleti ni punje za umbo la silinda, zenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8, zinazotengenezwa kwa kuubana unga wa mbao ndani ya mashine ya mgandamizo mkubwa mpaka lignini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, ilainike na kuzishikanisha chembe zake. Jiko lenyewe, ambalo ni la kupashia nyumba joto, lililoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980 na ambalo leo limeenea sana Italia, hulishwa punje hizo kidogo kidogo na parafujo ndefu inayozungushwa kwa mota, huku feni ikiusukuma moshi ndani ya bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, ambalo mara nyingi hupitishwa ndani ya dohani ya zamani ya matofali kama upanga ndani ya ala. Peleti huwa kavu na huwaka karibu zote, hivyo mabaki yake bombani ni majivu mepesi ya kijivu, yasiyo na lami nyingi, ambayo burashi laini ya nailoni huyaondoa bila taabu.

Amagoro, Malaba na Busia hazihitaji jiko la kupashia nyumba joto, na mkaazi wa maeneo hayo aliyehamia Minnesota au kaskazini mwa Italia ndiye anayekutana na kifaa hicho sebuleni mwake. Swali la bomba na burashi, hata hivyo, liko hai kabisa katika majiko ya shule, katika hoteli za vyakula zinazowahudumia madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani, na katika tanuri za mikate. Wakfu wa Bellerive, ulioanzishwa na Sadruddin Aga Khan mwaka 1977, ulikuwa miongoni mwa waliozifungulia shule za Kenya mlango wa majiko makubwa yenye dohani na yanayopunguza matumizi ya kuni, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 shirika la Ujerumani la GTZ, ambalo sasa huitwa GIZ, lilieneza magharibi mwa Kenya majiko ya roketi, yaani yale yenye njia ya moto iliyopinda kama kiwiko ambamo moshi huungua tena kabla ya kutoka. Majiko hayo yalisifiwa, na kwa haki, kwa kuni yaliyookoa. Lakini pamoja nayo kilihitajika kifaa cha kuyasafishia dohani, na hicho ndicho ambacho bajeti ya jiko huelekea kukisahau.

Tofauti kubwa kati ya jiko la peleti na jiko la shule la Amagoro ni tabia ya moshi. Kuni za mkaratusi, mti ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kulisha injini za Reli ya Uganda na ambao sasa umesimama kwenye mipaka ya mashamba mengi ya magharibi, hufika jikoni zikiwa na unyevu mwingi wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na maji yaliyomo ndani yake huupoza moto kiasi kwamba mvuke wa mafuta ya kuni hupanda bila kuungua. Mvuke huo ukigusa ukuta wa dohani ambao haujafika nyuzi 120 hivi za Selsiasi huganda na kuwa kriosoti, ambayo kwa lugha nyepesi ni lami ya moshi. Chungu cha mahindi na maharagwe kinachotokota kwa saa kadhaa juu ya moto uliopunguzwa makusudi huzidisha hali hiyo, kwa sababu moto mdogo humaanisha moshi baridi. Kwa hiyo dohani ya Amagoro, hata ikiwa fupi na imenyooka, huweza kuwa na uchafu mgumu kuliko ule wa bomba la peleti la Ulaya linalowashwa majira yote ya baridi.

Kanuni ya kuchagua kifaa ni moja, nayo ni kwamba kifaa kiwe kigumu kuliko uchafu na kiwe laini kuliko bomba. Yeyote anayeanza na duka, akauliza burashi gani zipo, huwa ameligeuza swali. Anayeanza na dohani huuliza kwanza ukuta wake ni wa nini, kisha uchafu wake umefikia hatua gani, na baada ya hapo jibu la duka au la karakana ya jua kali huwa jepesi.

Uchafu huwa wa hatua tatu. Masizi makavu, meusi na yenye kupukutika kama unga, huondolewa na burashi yoyote inayolingana na bomba. Hatua ya pili ni magamba meusi yenye mng'ao, ambayo yakigongwa hutoa sauti ya kigae, nayo huhitaji ncha zinazopiga na kukwangua. Ya tatu ni lami iliyoganda kama kioo, iliyoshikamana na ukuta, ambayo burashi huteleza juu yake na kuizidishia mng'ao tu. Hatua hiyo ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa lami ya moshi inawaka, na moto wa ndani ya dohani unaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, joto ambalo paa la makuti au nyasi lililo karibu haliwezi kulistahimili, wala mbao za kenchi zilizogusana na bomba.

Upande wa ukuta, aina zinazopatikana mpakani ni chache na kila moja ina masharti yake. Dohani ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa kwa mraba, ndiyo sugu kuliko zote na hustahimili burashi ya waya wa chuma, ingawa udongo uliotumika kuyashikanisha matofali unaweza kumomonyoka ukikwanguliwa kwa nguvu kila muhula. Bomba la bati lililopakwa zinki ndilo la bei nafuu, na ndilo linaloteswa zaidi. Mafundi hulipima kwa geji, kipimo ambacho namba yake inapokua bati huwa jembamba zaidi, na bati la geji 28 au 30 ambalo huezekea nyumba na pia hukunjwa kuwa dohani halifiki unene wa nusu milimita. Zinki ndiyo inayolilinda bati hilo dhidi ya kutu, hivyo burashi ya waya inayoingizwa ndani yake huondoa masizi siku hiyo na huondoa pia kinga, na masizi mapya, ambayo yakichanganyika na unyevu huwa na asidi, hukuta chuma kitupu. Msimamizi wa jiko anayeshangaa kwa nini dohani aliyoisafisha kwa bidii imetoboka mapema kuliko ile ya jirani aliyeiacha huwa amelipia bidii iliyotumia kifaa kisichofaa. Bomba la chuma kisichoshika kutu, ambalo ni ghali lakini hudumu, lina adui wa namna nyingine: nyuzi za chuma cha kawaida huacha juu yake chembe ndogo za chuma, na chembe hizo hushika kutu na kuanzisha madoa yanayolila bomba lenyewe, kwa hiyo hufaa lisafishwe kwa nailoni au kwa burashi ambayo nyuzi zake pia ni za chuma kisichoshika kutu.

Burashi ya nailoni inafaa kwa mabomba yote ya bati na ina fadhila nyingine, kwamba inaweza kusukumwa mbele na kurudishwa nyuma mahali popote ndani ya bomba, ilhali burashi ya waya mgumu hulazimika kupitishwa mpaka itokeze upande wa pili ndipo ivutwe, kwa sababu nyuzi zake zikilazwa upande mmoja hukataa kugeuka na burashi hukwama katikati. Kipenyo chake kiwe kikubwa kidogo tu kuliko cha bomba, ili nyuzi ziguse ukuta zikiwa zimejikunja kidogo. Burashi ndogo hupita kama mgeni, na kubwa kupita kiasi hugeuka kizibo. Umbo nalo lifuate dohani, la duara kwa bomba na la mraba kwa matofali, kwani burashi ya duara ndani ya dohani ya mraba huziacha pembe nne na masizi yake. Jambo moja tu lisisahauliwe kuhusu nailoni, nalo ni kwamba huyeyuka, hivyo dohani isafishwe baada ya jiko kulala baridi usiku kucha.

Burashi haifiki popote bila ufito wa kuisukuma, na hapa historia ina funzo lake. London ya karne ya 18 haikuwa na fito. Ilikuwa na watoto, waliopandishwa ndani ya dohani wakikwangua kwa mikono, hadi katika miaka ya 1820 Joseph Glass wa Bristol alipokamilisha mfumo wa fito zinazounganishwa moja baada ya nyingine na kubeba burashi kichwani, ingawa ilibidi sheria ya mwaka 1875 ije kuwatoa watoto katika kazi hiyo. Kupitisha burashi ndani ya bomba halikuwa jambo geni kwenye njia ya reli inayopita Malaba, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, kwa kuwa birika la kila injini ya mvuke lilijaa mabomba ya kupitishia moto ambayo wafanyakazi wa karakana walipaswa kuyapigia burashi mara kwa mara, la sivyo injini ilikosa nguvu kwenye miinuko.

Ufito mzuri hupinda bila kuvunjika. Dohani iliyonyooka huweza kusafishwa kwa mwanzi mrefu uliokauka, ambao hauna gharama na haupitishi umeme kwa wepesi kama chuma, lakini dohani yenye kiwiko huhitaji fito za plastiki ngumu au za nyuzi za kioo, zenye urefu wa mita moja hivi kila moja na zilizounganishwa kwa hesi, yaani mikunjo ya kufungia kama ya parafujo. Nondo, ambayo ndiyo hukimbiliwa kwa kuwa haikosekani kwenye eneo la ujenzi, ndiyo mbaya kuliko zote: haipindi inapotakiwa, hutoboa bati kwenye kiwiko, na ikiinuliwa juu ya paa karibu na nyaya za umeme huweza kuua. Anayetumia fito za hesi na azungushe mkono wake upande wa kulia tu, upande wa kukazia, kwa kuwa mzunguko mmoja wa kushoto hulegeza kiungo na kuiacha burashi juu ya bomba, mahali ambapo haitatoka bila bomba kufunguliwa.

Kwa masizi yaliyoanza kuwa magamba ndani ya bati jembamba, kifaa bora zaidi, kwa kadiri ya uzito wa hoja zilizotajwa, ni kichwa cha kamba za nailoni kinachozungushwa kwa keekee ya betri. Wauzaji wa vifaa vya majiko ya peleti hukiuza kikiwa tayari, lakini kamba zake ni zilezile zinazofungwa kwenye mashine ya kukatia nyasi, ambayo shule nyingi tayari zinayo na ambayo kamba zake hupatikana katika maduka ya vifaa mjini. Fundi akikitoboa kipande cha mti mgumu au cha plastiki matundu manne, akapitisha kamba hizo na kuzikata zizidi nusu ya kipenyo cha bomba kwa vidole viwili, huwa ametengeneza kichwa ambacho hupiga magamba bila kukwangua zinki, na ambacho hupita kwenye kiwiko kwa sababu kamba hujikunja zenyewe. Keekee izungushwe polepole, na ianze kuzunguka ikiwa tayari ndani ya bomba, si nje ambako kamba hupiga mkono na uso.

Kwenye mpaka huu ndiko bodaboda zilikoanzia, zikiwa bado baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, na hadi leo waya mkuukuu wa breki haukosi kwa fundi wa baiskeli. Vipande vya waya huo, vikifunuliwa ncha zake na kufungwa kwenye kichwa cha chuma, hutoa mjeledi mkali unaofaa kuvunja magamba magumu ya dohani ya matofali. Ndani ya bomba la bati mjeledi huo ni uharibifu mtupu. Lami iliyoganda kama kioo ndani ya bati, kwa kweli, haina kifaa: nguvu ya kuibandua ingeliharibu bomba lenyewe, na hekima iliyopo ni kulibadilisha bomba hilo na kisha kuzianika kuni, zilizopasuliwa na kupangwa chini ya kibanda chenye paa lakini kisicho na kuta, kwa miezi sita au zaidi kabla hazijachomwa.

Gunia lililojazwa majani na kufungiwa jiwe, likateremshwa kwa kamba kutoka juu ya dohani, lina nafasi yake katika dohani pana ya matofali iliyonyooka, mradi jiwe lining'inie chini ya gunia na lisigonge kuta. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba inamlazimisha mtu apande paa la mabati, ambalo huteleza kwa umande asubuhi, na ambalo mchana si mahali pa kukaa katika eneo hili la bonde la Ziwa Viktoria, ambako radi hupiga mara nyingi baada ya saa nane. Kifaa kinachofanya kazi kutoka chini kinastahili kupendelewa hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Mwaka 1775 daktari mpasuaji Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata waliokuwa wakisafisha dohani tangu utotoni, na huo ulikuwa miongoni mwa uthibitisho wa kwanza kwamba kazi inaweza kuleta saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani leo limeyaweka masizi wanayokutana nayo wasafishaji wa dohani katika kundi la kwanza la visababishi vya ugonjwa huo. Kwa hiyo barakoa inayochuja vumbi laini, miwani, glavu na ovaroli inayofuliwa mbali na nguo za nyumbani ni sehemu ya vifaa vya dohani sawa na burashi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humwekea mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mpishi anayefunikwa na masizi huku akiwa amejifunga leso puani hajakingwa, kwani chembe zinazodhuru mapafu hupita kwenye kitambaa. Masizi yaliyoanguka yamwagiwe maji kidogo kabla ya kuzolewa, yasipeperuke, na yasitupwe karibu na kisima.

Hakuna kimojawapo cha vifaa hivi kinachofanya kazi ipasavyo katika dohani iliyojengwa bila mlango wa kusafishia, yaani kidirisha chenye kifuniko kinachowekwa chini kabisa ya bomba, karibu na sakafu, ili ufito uingie na masizi yatoke bila kulibomoa jiko. Dohani nyingi za bati huachwa bila mlango huo kwa kuwa fundi hakuambiwa, na likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka ndizo nyakati ambazo jiko la shule huwa baridi vya kutosha kuwekewa. Mlango ukishakuwepo, kipande cha kioo cha kujitazamia kilichoegeshwa ndani yake kwa mshazari huonyesha dohani nzima iliyonyooka kutoka chini hadi juu, na kama kofia ya mvua ya juu imeondolewa, huonyesha duara la anga. Burashi hurudishwa ndani mpaka ukingo wa duara hilo uonekane mzima.